Uchaguzi wa 2027: Chama cha kisiasa chapaswa kusimamia nini Manga?

WAPIGAKURA wa Manga, Kaunti ya Nyamira, wanatarajiwa kurejea debeni Agosti 10, 2027, siku ambayo kalenda ya Katiba imetenga kwa uchaguzi mkuu. Kabla ya siku hiyo, vyama vitapita huko na rangi zao, nyimbo zao na orodha ndefu za ahadi. Swali ambalo mpigakura hana budi kuliuliza ni moja: je, chama kinasimamia nini, mbali na jina la mwaniaji wake?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika eneo hili. Tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe, eneobunge la Kitutu Masaba, ambamo Manga imo, limefanya uchaguzi mkuu mara saba na kuwatuma Bungeni watu sita kwa tiketi za vyama vitano tofauti. Ni vigumu kutaja jambo moja ambalo lolote kati ya vyama hivyo liliahidi kwa maandishi, likalitekeleza, kisha likarudi miaka mitano baadaye kutoa hesabu.

Makala haya yanaeleza historia hiyo, matakwa ya sheria kwa vyama, na masuala ambayo chama chochote kinachotaka kura za Manga kinafaa kuyatolea msimamo ulio wazi.

Manga ni wapi

Manga ni jina la miinuko yenye magenge ambayo kutoka juu yake mji wa Kisii huonekana ukiwa umetandazwa bondeni. Ni jina pia la wadi na la kaunti ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 94,209 katika kaunti ndogo ya Manga, kati ya wakazi 605,576 wa Nyamira. Kaunti jirani ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860.

Kaunti hizi mbili zilikuwa wilaya moja ya Kisii hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, Nyamira ilipotengwa. Wakazi wengi wa pande zote mbili ni wa jamii ya Abagusii, wanasema lugha moja, wanaoana na kuuziana mazao katika masoko yale yale.

Katika uchaguzi wa ubunge, Manga ni sehemu ya Kitutu Masaba, eneobunge lenye wadi sita: Rigoma, Gachuba, Kemera, Magombo, Manga na Gesima. Ni nchi ya majanichai, migomba na vishamba vidogo ambavyo hupungua kila kizazi kinaporithi.

Chaguzi saba, vyama vitano

Mnamo 1992 na 1997, Kitutu Masaba ilimchagua George Anyona kwa tiketi ya Kenya Social Congress (KSC). Mnamo 2002 kiti kilitwaliwa na Mwancha Okioma wa FORD-People. Mnamo 2007 kikaenda kwa Walter Nyambati wa National Labour Party. Timothy Bosire alikinyakua kwa tiketi ya ODM mnamo 2013, Shadrack Mose wa Jubilee akamrithi 2017, kisha ODM ikakirejesha 2022 kupitia kwa Clive Gisairo.

Mabadiliko hayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwa upande mmoja, yanaonyesha kuwa wapigakura wa eneo hili si watumwa wa chama chochote. Wameangusha wabunge bila woga, na hakuna rangi ambayo huwahakikishia wawaniaji ushindi.

Kwa upande mwingine, yanaonyesha kuwa chama kimekuwa kama matatu: mwaniaji hupanda, hufika kituoni, hushuka, na safari nyingine hutafuta gari jingine. Mbunge akianguka, ahadi zake huanguka naye. Anayemrithi hafungwi na lolote, kwa kuwa chama chake hakikuwa sehemu ya makubaliano ya awali.

Hali hiyo haiko kwenye ubunge peke yake. Katika uchaguzi wa 2022, wapigakura wa Nyamira walimchagua gavana, Amos Nyaribo, kwa tiketi ya United Progressive Alliance (UPA), siku ile ile ambayo Kitutu Masaba ilichagua mbunge wa ODM.

Funzo la Anyona

Manga ina sababu ya kujua kwamba chama kinaweza kuwa zaidi ya gari la kampeni. Anyona aliingia Bungeni mara ya kwanza 1974 akiwakilisha Kitutu Mashariki, kama eneo hilo lilivyoitwa wakati huo. Alizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka mnamo 1977 na kuachiliwa mwaka uliofuata.

Mnamo 1982, yeye na Jaramogi Oginga Odinga walihusishwa na jaribio la kuunda chama cha pili, Kenya African Socialist Alliance. Serikali ilijibu kwa kumzuilia tena Anyona, na mnamo Juni mwaka huo Bunge likarekebisha Katiba kwa kuingiza kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama cha pekee kisheria. Alikamatwa kwa mara nyingine 1990, akashtakiwa kwa uchochezi pamoja na wenzake watatu, na 1991 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba. Aliachiliwa 1992.

Kwa hivyo KSC haikuzaliwa kwa sababu mtu fulani alinyimwa tiketi katika mchujo. Ilizaliwa kutokana na msimamo ambao mwasisi wake alikuwa ameulipia kwa uhuru wake: kwamba serikali lazima ihojiwe, na kwamba raia ana haki ya kuchagua chama akitakacho.

Hata hivyo, msimamo pekee haukutosha. Katika uchaguzi wa urais wa 1992 Anyona alipata kura zaidi ya 14,000 nchini kote, na 1997 zaidi ya 16,000. Katika chaguzi zote mbili KSC ilipata kiti kimoja tu cha ubunge, chake mwenyewe. Alishindwa 2002, akafariki katika ajali ya barabarani Novemba 2003, na chama kikatoweka katika siasa za Manga. Kilikuwa na wazo, lakini hakikuwa na nyumba ya kulihifadhi wazo hilo.

Funzo la FORD-People

FORD-People ilikuwa kinyume chake. Chama hicho kilianzishwa 1997 na wafuasi wa Kenneth Matiba, lakini kufikia 2002 kilikuwa kimekuwa ngome ya Simeon Nyachae, mbunge wa Nyaribari Chache na waziri wa zamani wa fedha. Nyachae aliwania urais mwaka huo na kupata takriban asilimia sita ya kura. Chama kikazoa viti 14 vya ubunge, vingi vikiwa vya Gusii.

Hapo palikuwa na nguvu ambayo Anyona hakuwahi kuwa nayo. Lakini nguvu hiyo ilisimama juu ya mtu na eneo lake. Juni 2004 Nyachae aliingia katika serikali ya Rais Mwai Kibaki kama Waziri wa Kawi. Mwanachama wa kawaida hakuwa na hati ya sera ambayo angeitumia kupima kama hatua hiyo ilikuwa ushindi wa chama au wa kiongozi. Mnamo 2007 Nyachae alipoteza kiti chake, na chama kikashuka kutoka viti 14 hadi vitatu.

Mifano hii miwili inafundisha jambo moja. Chama chenye wazo bila wanachama wanaokimiliki hufa na mwasisi wake. Chama chenye wafuasi wengi bila wazo huenda popote aendapo kinara wake. Manga imevionja vyote viwili.

Funzo hilo halijapitwa na wakati. Mnamo 2025, Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira aliyehudumu kama waziri kati ya 2013 na 2022, alitangaza nia ya kuwania urais, na mjadala wa kutia kura za Gusii katika kapu moja ukaanza upya. Jamii ina haki ya kumuunga mkono mtu wake. Lakini kapu, hata likijaa, haliwezi kueleza litafanyiwa nini baada ya kura kuhesabiwa. Hiyo ni kazi ya chama.

Sheria inataka nini

Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinasema kila chama lazima kiwe na sura ya kitaifa, kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia, na kifanye uchaguzi wa ndani wa haki mara kwa mara. Kinakataza chama kuundwa kwa misingi ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Kinakataza pia hongo, vitisho na makundi ya vijana wa kuzua fujo.

Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inaongeza kuwa chama hakiwezi kusajiliwa kikamilifu bila wanachama wasiopungua 1,000 katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani angalau kaunti 24.

Sheria hiyo ilianzisha pia Hazina ya Vyama vya Kisiasa, inayostahili kutengewa angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Asilimia 30 au zaidi ya fedha ambazo chama hupata inafaa kutumiwa kuendeleza uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi madogo. Chama kinachopata mgao huo hakiendeshwi kwa mfuko wa kiongozi wake peke yake. Kinaendeshwa pia kwa kodi ya mchuuzi wa ndizi. Mchuuzi huyo ana haki ya kuuliza zilivyotumika.

Aidha, mbunge au mwakilishi wa wadi akijiuzulu kutoka chama kilichomdhamini hupoteza kiti. Maana yake ni kwamba mbele ya sheria kiti hicho si mali ya mtu binafsi tu. Chama kimeshika sehemu yake, na kinafaa kubeba sehemu ya lawama.

Kila kiti na kazi yake

Udhaifu mkubwa wa ahadi nyingi za kampeni ni kuwa hutolewa na watu wasio na mamlaka ya kuzitimiza. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi hizo waziwazi.

Serikali ya kaunti inasimamia kilimo, hospitali na zahanati za kaunti, barabara za kaunti, masoko, maji, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali ya kitaifa inasimamia shule za msingi na za upili, polisi, barabara kuu na vyuo vikuu. Mbunge hutunga sheria na kuidhinisha bajeti ya taifa. Mwakilishi wa wadi hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti yake na kumhoji gavana.

Mwaniaji wa ubunge akiahidi dawa katika zahanati, au mwaniaji wa wadi akiahidi kuajiri walimu wa shule ya upili, huyo ama hajui kazi anayoiomba au anajua na anadanganya. Chama makini kingekuwa na kurasa tatu tofauti kwa Manga: moja ya wadi, moja ya kaunti na moja ya Bunge.

Suala la hazina ya maeneobunge linaonyesha haja hiyo. Tangu 2003, hazina hiyo imejenga madarasa na kulipa basari, na wabunge hupimwa kwayo. Mnamo Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria inayoisimamia inakiuka Katiba. Lolote liamuliwalo katika rufaa, chama kinachowania ubunge kinapaswa kusema mapema kama kinataka fedha hizo zibaki mikononi mwa wabunge, zipelekwe kwa kaunti, au zisimamiwe kwa njia nyingine, na mtoto anayetegemea basari atalindwaje.

Majanichai na shamba dogo

Kipato cha familia nyingi za Manga hutegemea jani linalochumwa kwa mkono na kupelekwa kwa viwanda vya wakulima wadogo kama kile cha Tombe. Viwanda hivyo husimamiwa kupitia KTDA, iliyoanza 1964 kama mamlaka ya serikali na kubinafsishwa 2000.

Malalamiko ya wakulima yanajulikana. Bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa huwa chini ya ile ya mashariki, na mkulima wa Nyamira huona mwenzake wa eneo la Mlima Kenya akilipwa zaidi kwa kilo. Ubora wa majani, bei mnadani Mombasa, gharama ya kuendesha viwanda, madeni na uongozi ni miongoni mwa sababu ambazo hutajwa.

Sheria ya Majanichai ya 2020 ilirejesha Bodi ya Majanichai na kuweka kanuni mpya za usimamizi. Hiyo ni sheria ya kitaifa. Basi chama kinachosema kitainua bonasi hakina budi kueleza kitarekebisha nini: uchaguzi wa wakurugenzi wa viwanda, ukaguzi wa mikopo, au muda wa malipo baada ya mnada. Kupiga kelele dhidi ya KTDA jukwaani si sera.

Aidha, shamba la robo ekari haliwezi kulisha watoto sita kwa chai pekee. Hapa kaunti ina mamlaka: maafisa wa kilimo wa kutembelea wakulima, miche ya parachichi, vituo vya kukusanyia ndizi na maziwa. Chama kinaweza kuahidi idadi na tarehe, na kikapimwa kwa hizo.

Mpaka wa Keroka

Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira. Tangu ugatuzi uanze 2013, kaunti hizo zimezozania ushuru wake, na wafanyabiashara wamelalamika mara kwa mara kuwa hutozwa na pande zote mbili.

Katika suala hili vyama vingi hupenda kusema jambo moja Kisii na jingine Nyamira. Hapo ndipo chama hupimika. Kubadilisha mpaka wa kaunti chini ya Kifungu cha 188 kunahitaji pendekezo la tume huru na thuluthi mbili ya kura katika Bunge la Taifa na katika Seneti. Si jambo la mkutano wa hadhara.

Hata hivyo, Kifungu cha 189 kinaruhusu serikali kushirikiana na kuunda kamati za pamoja. Kaunti hizi zimewahi kuhudumiwa na kampuni moja ya maji, Gusii Water and Sanitation Company. Chama kinachowania ugavana wa kaunti zote mbili kinaweza kutia saini ahadi moja, kwa maneno yale yale pande zote: leseni moja, ushuru mmoja, mapato yagawanywe kwa kanuni iliyochapishwa.

Mambo ambayo huogopwa

Kuna masuala ambayo kila mwaniaji huyajua na wachache huyataja, kwa kuwa yanaweza kumpotezea kura.

La kwanza ni usalama wa wazee. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, Kaunti ya Kisii, baada ya kushukiwa kuwa wachawi. Mnamo Mei 2008 watu 11 walikuwa wameuawa kwa kuchomwa katika kisa kama hicho katika eneo la Kisii. Mara nyingine nyuma ya tuhuma za uchawi huwa mna mzozo wa shamba. Chama kinachodai kutetea utu kinapaswa kusema wazi, tena katika kijiji chenyewe, kuwa mzee halindwi kwa hisani ya majirani bali kwa sheria, na kwamba hakitamdhamini mwaniaji anayechochea tuhuma hizo.

La pili ni ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kuwa takriban asilimia 84 ya wanawake wa jamii ya Abagusii wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya 2011 imepiga marufuku kitendo hicho. Baadhi ya wanaokifanya ni wahudumu wa afya. Kwa kuwa zahanati ziko chini ya kaunti, chama kinachotaka ugavana hakiwezi kusema kuwa jambo hilo halikihusu.

La tatu ni nafasi ya wanawake katika siasa. Wabunge wote sita waliochaguliwa Kitutu Masaba tangu 1992 ni wanaume. Chama kinachongoja kuwapa wanawake viti vya uteuzi peke yake kimeshaamua kuwa tiketi ya kweli si yao. Hali kadhalika, hesabu za koo, ambazo hugawa viti kabla ya mchujo, huwafungia nje wengi, akiwemo mwanamke aliyeolewa kutoka ukoo mwingine.

Maswali ya kuuliza

Mpigakura anayetaka kukipima chama kabla ya 2027 anaweza kuanza na maswali haya:

Je, chama kina daftari la wanachama katika wadi, na maafisa waliochaguliwa na wanachama hao?

Je, mchujo utafanywa kwa njia gani, na nani atasikiliza malalamiko?

Je, ahadi zimegawanywa kwa kufuata mamlaka ya kila kiti, zikiwa na gharama na tarehe?

Je, anachosema kiongozi wa chama Kisii ndicho anachosema Nyamira?

Je, chama kitarudi kila mwaka kutoa hesabu, hata kama mwaniaji wake alishindwa?

Swali la mwisho ndilo zito zaidi. Chama kilichoshindwa lakini kikabaki kikikagua bajeti ya kaunti na kuwasikiliza wachuma chai huwa kimewafaa watu kuliko kilichoshinda na kufunga afisi.

Kuna siku moja ambayo maneno yote yatapimwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti kuandaa mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na mpango wa sasa unahusu 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandikwa baada ya uchaguzi, na umma una haki ya kushirikishwa katika kuuandaa. Wakazi wa Manga watakaofika kwenye vikao hivyo wakiwa na nakala ya ahadi za chama kilichoshinda wataweza kuangalia, ukurasa kwa ukurasa, ni zipi zimeingizwa na ni zipi zimeachwa nje. Ahadi ni deni, na deni hudaiwa kwa urahisi zaidi likiwa limeandikwa.